Daraja Lilikuwa Wazi

Ludwina Isenia alimwona binti yake akitokea kwenye geti la gati, na kabla furaha haijamkaa vizuri kifuani akaona mambo mawili ambayo hayakumpendeza. La kwanza ni begi. Mtu anayeshuka melini kwa saa chache kuja kula na mama yake hahitaji begi la mgongoni lililovimba namna ile. La pili ni viatu. Mirelva alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, vyeusi, vile vya kutumbukiza mguu tu, visivyo na kamba wala mshipi, ambavyo wahudumu wa meza huvaa wasije wakajikanyaga wakiwa na sahani mikononi.

"Huna ndala?" akamwuliza. Ndiyo salamu aliyoitoa baada ya miezi tisa.

"Na mimi nimefurahi kukuona, Mama."

"Nimeuliza ndala. Joto lote hili."

"Nilitoka mbio."

Wakakumbatiana. Mirelva alikuwa amepungua, na alinukia sabuni ambayo Ludwina hakuijua. Mkono wa mama ukateremka mgongoni, ukakutana na begi, ukalipima uzito. Zito. Lakini wageni wake wa siku hiyo walikuwa wameshaanza kujikusanya chini ya mwavuli wake wa njano.

Ludwina alikuwa mwongoza wageni. Kila meli kubwa ya watalii ilipofunga pembeni ya ngome, upande wa mji wa Willemstad uitwao Otrobanda, yeye alikuwa pale nje ya geti na mwavuli wake juu. Alilivusha kundi lake daraja, akalizungusha kwenye mitaa ya kale ya Punda, upande wa pili wa mji, kisha akaliachia lirudi lenyewe likiwa limeshiba picha. Leo kundi lilitoka kwenye meli ileile iliyomleta Mirelva, ambayo msimu huu ndipo imeanza kupita kisiwani. Angeweza kuomba mwenzake amshikie zamu. Hakuomba. Kwenye simu alikuwa amekwishapanga: utatembea na sisi mpaka saa sita, tutakula kwa Ornela mpishi, halafu utarudi.

"Mwisho wenu wa kurudi melini saa ngapi?" akauliza.

"Wageni saa tisa unusu. Sisi wafanyakazi saa tisa."

"Saa tisa," Ludwina akarudia, kama mtu anayepigilia msumari.

Kisiwa kizima kilijua maana yake. Mgeni akiachwa na meli hupanda ndege akaifuata kwenye bandari inayofuata, na huko anakuwa na kisa cha kusimulia. Mfanyakazi akiachwa, kazi imekwisha, na kampuni nyingine zikisikia hazimtaki tena. Na kazi hiyo aliitafuta Ludwina mwenyewe. Ndiye aliyempeleka binti yake kwenye usaili, ndiye aliyemnunulia hivyo viatu, ndiye aliyewatangazia majirani wote wa mtaa wao wa Fleur de Marie kwamba mwanawe anaizunguka dunia.

Mguuni mwa daraja akawasimamisha wageni. Daraja la Emma hulala juu ya maboya, na meli ikitaka kuingia au kutoka bandarini, daraja zima hubanduka upande wa Punda na kwenda kujibana ubavuni mwa Otrobanda kama mlango. Hapo watu husema daraja liko wazi: wazi kwa meli, si kwa miguu.

"Tazameni bendera," Ludwina akasema. "Ikipanda ya rangi ya chungwa, subiri, haichukui muda. Ikipanda ya buluu, inapita meli kubwa. Usisubiri. Kanywe kitu kwanza, au panda pantoni. Pantoni ni bure."

Wakavuka. Walikuwa wamefika tu Punda kengele ilipolia nyuma yao, na daraja likaanza kujivuta. Mama mmoja mwenye mfuko wa mboga akatoka mbio kwenye kona ya duka la viatu, akawapita wageni, akafika ukingoni, akaruka. Ufa wa maji ulikuwa umeshafika upana wa meza. Akatua juu ya mbao, akaweka mfuko wake sawa, akaendelea na safari zake.

"Inaruhusiwa?" akauliza mzee mmoja Mholanzi aliyevaa kofia ya majani. Jina lake Bwana Verbeek, na tangu getini alikuwa ameshauliza maswali mengi kuliko kundi zima.

"Hairuhusiwi."

"Lakini ameruka."

"Ana haraka."

Wageni wakacheka, na Ludwina akaona hapo ndipo pa kutoa mzaha wake wa kila siku. "Katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kuchelewa kwa kosa lake," akasema. "Mwanafunzi amechelewa? Daraja lilikuwa wazi. Bwana harusi hajafika? Daraja lilikuwa wazi. Hata padri Jumapili husema hivyohivyo, na hakuna anayemhoji, kwa sababu kesho utalihitaji neno hilo wewe mwenyewe."

Wakacheka tena. Mirelva hakucheka. Mzaha huo aliujua tangu utotoni, hilo halikuwa ajabu. Lakini alikuwa anautazama ule ufa wa maji ukipanuka, na jinsi alivyoutazama, Ludwina hakupenda. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiruka ufa huo na mkoba wa shule mgongoni, akachapwa, akaruka tena kesho yake.

"Ngoja kwanza," Bwana Verbeek akasema, akamnyooshea Mirelva kidole. "Wewe si ndiye unayeniletea kahawa asubuhi?"

"Ni mimi, bwana."

"Na huyu ni mama yako? Basi umenicheza shere! Leo asubuhi nilimwuliza tumefika wapi," akawageukia wenzake, "akaniambia hajui. Hajui! Kumbe ni kwao."

Watu wakaangua kicheko. Mirelva naye akatabasamu, lile tabasamu la kazini linaloishia kwenye meno. Ludwina akainua mwavuli, wakaendelea.

Matembezi yale hayakumkalia vizuri hata kidogo. Miguu ya Ludwina iliijua njia, na mdomo uliyajua maneno, kwa hiyo akavituma vitangulie na yeye akabaki na macho kwa binti yake. Kila akihesabu vichwa, kimoja kilikuwa kimebaki nyuma. Mara Mirelva amesimama mbele ya ukuta wa njano uliobabuka rangi, ameweka kiganja juu yake kama anayepima homa. Mara amejitosa kwenye kichochoro na kutokea mbele yao, akitafuna sambusa ya nyama. Ndani ya sinagogi la kale, ambalo sakafu yake ni mchanga mtupu, Ludwina alikuwa katikati ya maelezo alipomwona kule pembeni amechomoa mguu kwenye kiatu, unyayo wake umezama mchangani.

Akamfuata. "Vaa kiatu," akanong'ona. "Watu wanasali humu."

"Leo hawasali."

"Nimesema vaa. Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Una nini basi?"

"Nina joto miguuni."

Akatumbukiza mguu kiatuni. Ludwina akarudi kwa wageni na kukuta amesahau alipoishia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Bwana Verbeek ndiye aliyemkumbusha.

Saa sita ilipofika akawaaga wageni. Bwana Verbeek akamwuliza tena habari za bendera, ipi ni ipi, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kisha mama na binti wakaenda Plasa Bieu, kwenye banda kubwa ambako wanawake hupika mchana kwa wenye njaa ya kweli, kila mmoja na masufuria yake. Ornela alikuwa mbele ya jiko lake, jasho likimtiririka.

"Dushi wangu," akasema alipomwona Mirelva. Dushi, yaani mpenzi, ndivyo Ornela alivyomwita kila mtu, hata mkaguzi wa afya. "Hebu geuka nikuone. Kwenye meli wanakulisha au wanakuonyesha tu chakula?"

"Wananionyesha, Shangazi."

"Nilijua. Kaa. Mchuzi wa mbuzi au wa mjusi wa porini?"

"Mbuzi. Na ugali wa funchi. Na ndizi, na maharage, na pilipili yako ile."

"Si unaona, ana njaa ya mateka," Ornela akamwambia Ludwina. "Mwache aje kwangu. Natafuta msaidizi mwenye mikono. Yule niliyenaye akikata kitunguu analia mpaka mteja anamhurumia."

"Ana kazi," Ludwina akajibu.

"Sijasema hana. Nimesema natafuta."

Mirelva akala. Akamaliza, akasukuma sahani mbele, akaomba nyingine. Ludwina akatazama saa ya ukutani. Binti akala ya pili taratibu, akiokota mifupa mmojammoja kama mtu anayechambua mchele, kisha akataka juisi ya ukwaju. Akamwuliza Ornela anaamka saa ngapi kwenda kununua nyama. Akauliza yule msaidizi analala wapi. Ludwina akatazama saa tena.

"Begi lina nini?" akauliza.

"Zawadi."

"Zitoe basi."

"Nitakupa tukiondoka."

"Tunaondoka sasa."

"Mama, bado mapema. Hapa na melini ni pua na mdomo."

Kweli haikuwa mbali. Lakini Ludwina hakuweza kutulia. Alivuta kiti, akakirudisha. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa begi, wala saa, wala mazungumzo ya vitunguu. Ni kwamba moyoni, chini kabisa, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anasema, mwache akae. Mpe sahani ya tatu. Kile chumba chake umekifagia bure kila Jumamosi, nani analala humo? Ludwina alimjua mtu huyo na hakumheshimu. Mtu huyo hajui kodi ya nyumba, hajui kwamba tangu mitambo ya mafuta ilipozimwa vijana wa kisiwa wanapanga foleni kwa nafasi kama ile. Akasimama ghafla, kiti kikapiga kelele.

"Nyanyuka," akasema. "Ornela, asante. Nyanyuka, Mirelva."

Wakatembea. Ludwina alikuwa mbele, hatua zake fupi na za haraka, na kila mara akageuka kuona kama begi lile bado linamfuata. Walipotokea kwenye mtaa wa bandarini, daraja likawa lile pale, limetulia, na ng'ambo yake meli nyeupe imepanda juu ya paa za Otrobanda kama jumba lililojengwa asubuhi hiyo. Wakati ulikuwa unatosha.

Hapo kengele ikalia.

Ludwina hakufikiri. Hakuna mtu aliyezaliwa Willemstad anayefikiri akisikia kengele ile. Miguu hufikiri. Akakusanya sketi kwa mkono mmoja, akakimbia, akasikia viatu vya binti yake vikipiga sakafu nyuma yake, pa-pa-pa, kama alivyovisikia miaka yote. Akafika ukingoni. Ufa ulikuwa mdogo, mtu mzima angeweza kuuvuka bila hata kukunja goti. Akaruka, akatua, akashika uzio wa daraja, akageuka kumpa mkono Mirelva.

Mirelva alikuwa bado ng'ambo. Alikuwa amepiga goti ukingoni, kichwa chini, vidole kwenye kiatu, anafunga kamba.

"Mirelva! Ruka!"

Binti akainua mkono mmoja, kama kusema subiri, akainama tena. Maji yakawa mapana kama kitanda, kisha kama chumba. Daraja likaondoka na Ludwina, na mwanawe akabaki Punda, akiwa amepiga goti, akipungua.

Basi ikampanda furaha.

Haikupiga hodi. Imekwisha. Meli na iende. Kesho asubuhi atamkuta jikoni anakoroga kahawa na nywele zake zimesimama. Hakuna atakayelaumiwa, si mama wala binti, maana kila mtu atajua cha kusema, na kila mtu ataitikia kwa kichwa. Ludwina alisimama juu ya daraja lile amefumba macho, upepo unampiga usoni, akawa na raha ambayo hakuwa nayo tangu Mirelva aondoke.

Kisha akafumbua macho, akajiogopa.

Juu ya kibanda cha dereva wa daraja, hatua chache kutoka aliposimama, bendera ilikuwa inapanda. Ya buluu. Meli kubwa. Simu ikaita mfukoni.

"Mama, nimechelewa," sauti ya Mirelva ikasema. Alikuwa amesimama sasa, kitu kidogo chenye begi, ukingoni mwa Punda.

"Nimeona."

"Kamba ya kiatu ilifunguka."

Ludwina akafungua mdomo kusema pole. Haikutoka. Akaviona viatu vile, si kwa ng'ambo ile, bali dukani, siku alipovinunua. Alivikunja nyayo kuona kama havitapasuka. Aliuliza kama vinateleza. Akaona tena ule mguu ukichomoka kirahisi na kuzama kwenye mchanga wa sinagogi.

"Mirelva."

"Naam."

"Viatu vyako havina kamba."

Huko bandarini ndani, meli ya mafuta ikapiga honi nzito iliyotetemesha mbao chini ya miguu yake.

"Umeleta nini kwenye begi?" Ludwina akauliza.

"Nguo."

"Zote?"

"Zote."

"Na pasipoti?"

"Iko kwa karani wa meli. Tukishuka hatupewi."

"Kwa hiyo umekimbia, ukaacha pasipoti. Mipango yako kama ya marehemu baba yako." Akavuta pumzi. "Kuna mtu amekugusa huko? Niambie sasa hivi."

"Hakuna aliyenigusa. Chakula kipo, mshahara unaingia, wenzangu wazuri. Ndiyo maana sikuwa na la kukwambia."

"Ungesema unataka kurudi. Maneno mawili."

"Kukwambia wewe?" Mirelva akacheka, kicheko kikavu. "Kapteni ningemwambia leo asubuhi. Wewe ndiye nisiyekuweza. Umetangaza mpaka kwa padri. Nikaona heri daraja linisemee."

Daraja lilikuwa limefika, likajigusisha kwenye ukingo wa Otrobanda na kutulia. Watu wengine juu yake wakaegemea uzio kuitazama meli, wametulia kama walio kwenye benchi la kanisa.

"Yule mzee wa kofia," Mirelva akasema. "Amesema nilimcheza shere. Sikumcheza, Mama. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na dirishani naona ngome, naona daraja, naona rangi zote hizi. Akaniuliza tumefika wapi. Nikamwambia samahani, bwana, sijui, ngoja nimwulize mwenzangu. Nilifika mpaka kwa mwenzangu ndipo nikajua nilichokuwa nakiangalia."

Meli ya mafuta ikaingia kati yao, ubavu wake mwekundu mrefu kama ukuta wa ghala, ikamfuta Mirelva. Ikabaki sauti peke yake sikioni.

"Nisikilize," Ludwina akasema. "Ukibaki hapo, kesho nitawaambia watu daraja lilikuwa wazi. Wataniamini. Hakuna atakayekuuliza, na mimi sitakuuliza. Lakini nyumbani kwangu utaishi kama mtu aliyeachwa na daraja. Ukifika umri wangu utakuwa bado hujui kama ulitaka kurudi au ulibakizwa tu."

"Mama..."

"Sijamaliza. Bendera ni ya buluu. Meli hii ikishapita, pantoni inaondoka hapo mgongoni kwako. Sikufukuzi urudi kazini. Sikukatazi kuacha. Nataka uvuke uwaambie kwa mdomo wako wakiwa wanakutazama. Kama umeweza kuniambia mimi, hao hawakushindi."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Hujasema."

Ludwina akatazama ule ukuta mwekundu ukipita. "Nitakwambia ukivuka," akasema, akakata simu.

Mlinzi wa daraja alipowafungulia, Ludwina alitoka darajani karibu anakimbia, akaenda kusimama kwenye kituo cha pantoni. Hakukaa. Palikuwa na benchi, akalizunguka. Meli ya mafuta ilichelewa kwisha, ilikuwa na mkia usioisha, na boti za kuivuta nyuma yake zikijivuta kama zinazolipwa kwa saa. Alipoiona Punda tena, ukingoni hapakuwa na mtu mwenye begi. Akaangalia kituo cha ng'ambo, watu walikuwa wengi, vichwa vimechanganyika. Pantoni ikang'oka. Akajaribu kutambua kichwa kimojakimoja na hakuweza. Akajiambia, asipokuwemo, nitakwenda nyumbani nitandike kitanda, na sitasema neno. Papo hapo akajua kwamba angesema maneno mengi sana.

Pantoni ikagonga. Wakashuka wafanyakazi wa madukani, akashuka mwanamke na kigari cha mtoto, kisha Bwana Verbeek na kofia yake, uso mwekundu, amekishika kiganja chake kilichoandikwa kama tiketi. Nyuma yake, wa mwisho kabisa, Mirelva.

Mama akalishika begi kwa mkono mmoja, wakaanza kutembea kuelekea gatini, haraka, bila kutazamana.

"Sema," Mirelva akasema.

"Nilifurahi."

"Lini?"

"Daraja lilipoondoka nawe uko kule. Kabla sijakumbuka viatu. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nilikuwa nimeshafika kwenye kahawa ya kesho."

Mirelva akapunguza mwendo.

"Usisimame," Ludwina akasema. "Kulia utalia ndani, kuna kiyoyozi."

Getini Bwana Verbeek alikuwa amewatangulia. Wakati wake ulikuwa bado, lakini alijieleza kwa mlinzi hata hivyo, kifua mbele. "Daraja lilikuwa wazi," alisema, kama mtu aliyesubiri maisha yake yote kulitamka. Mlinzi, mwenyeji wa hapo, akamwitikia kwa kichwa, kwa heshima kamili. Mirelva akampita, kisha akarudi hatua moja.

"Bwana Verbeek. Asubuhi uliniuliza tumefika wapi."

"Nilikuuliza, ndiyo."

"Hapa ni kwetu," akasema. Akalichukua begi kwa mama yake, akaonyesha kadi, akaingia.

Ludwina alibaki nje ya uzio. Hakuna kazi iliyo ngumu kwa mtu kama yeye kama kusimama. Akaenda mpaka kwenye ngome, akarudi. Akamwuliza mlinzi swali alilolijua jibu lake. Wageni wa mwisho wakaingia, wengine wakikimbia na vikofia vyao vipya. Mara alitaka kumwona binti akitoka na begi lake, mara aliomba asitoke hivyo, kwa kelele na kwa aibu. Ngazi ya meli ikavutwa ndani. Kamba zikaachiwa. Simu haikuita, haikuita, na meli ilipokuwa imeachana na gati kwa upana wa barabara, ikaita.

"Niko juu, nyuma kabisa, upande wako," Mirelva akasema. Upepo ulikuwa unayakata maneno yake. "Nimeingia na dakika zangu mkononi. Nimekwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wahudumu. Nimemwambia naacha."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama nimepata matatizo nyumbani. Nikamwambia hapana, nataka tu kurudi. Akanitazama sana. Kisha akasema sawa, nifanye kazi mpaka meli irudi hapa, wiki mbili, nitashuka na pasipoti yangu na barua nzuri. Mama?"

"Nipo."

"Begi bado liko mgongoni."

"Lishushe. Nguo zirudishe kabatini zisikunjamane."

"Ndiyo Mama."

"Na ukija uje na ndala."

Akapunga mkono kwa yule mtu mdogo aliye nyuma ya meli, bila hakika kama ndiye. Alipotaka kuinua mwavuli ili aonekane vizuri, ndipo alipogundua hana mwavuli. Ameusahau kwa Ornela, yeye ambaye hajawahi kuusahau hata siku ya msiba.

Daraja lilikuwa limerudi mahali pake. Akavuka taratibu, na njia nzima vidole vyake havikuacha kuigusa ile simu mfukoni. Ornela alikuwa anaosha sufuria la mwisho. Mwavuli ulikuwa umening'inia kwenye msumari, juu ya ndoo.

"Nilisikia kengele, dushi," Ornela akasema bila kugeuka. "Nikasema basi tena, mtoto ameachwa."

"Daraja lilikuwa wazi," Ludwina akajibu.

"Pole jamani. Sasa?"

"Alipanda pantoni." Ludwina akaushusha mwavuli, akaupangusa maji. "Ile nafasi ya vitunguu, usimpe mtu."